Maisha ya Kardinali Lavigerie na Shule ya Lugha za Watu



Katika siku za jubilei ni desturi njema kuwakumbuka wale waliotangulia. Tunawataja mapadri waliofungua misioni, makatekista waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji, waashi waliochoma matofali na mama waliobeba maji ya ujenzi. Lakini yafaa pia kumtaja mtu mmoja ambaye hakufika katika nchi yetu hata siku moja, wala hakuona kwa macho yake maji ya ziwa Tanganika. Hata hivyo, agizo lake ndilo lililofanya mababu zetu wasikie Injili kwa maneno waliyoyafahamu. Mtu huyo ni Kardinali Charles Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi huwaita Mapadri Weupe.

Wengi wanamjua juu ya vita alivyopiga dhidi ya biashara ya watumwa. Katika kurasa hizi tunataka kueleza hasa kazi yake nyingine, isiyosemwa sana: namna alivyopanga mafundisho ya lugha kwa wamisionari wake, na namna alivyotayarisha walimu. Wazazi, walimu na makatekista wa parokia wataona kwamba habari hii ya zamani inawahusu wao pia.

Utoto na masomo

Charles Martial Lavigerie alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1825 karibu na mji wa Bayonne, kusini magharibi mwa Ufaransa, si mbali na mpaka wa Hispania. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali katika forodha. Nyumbani kwao dini haikushikwa kwa bidii nyingi. Watumishi wawili wa kike wa nyumba ile ndio waliomzoeza mtoto kusali na kwenda kanisani. Nchi ya Bayonne ina lugha zake. Wabaski wana lugha isiyofanana na Kifaransa hata kidogo, na watu wengine wa pale walisema Kigaskoni. Hivyo mtoto alikua pahali ambapo lugha ya shule na ya serikali ilikuwa mbali na lugha ya nyumba nyingi.

Aliingia seminari ndogo ya Larressore, kisha akapelekwa Paris, katika seminari ya Saint-Nicolas-du-Chardonnet na baadaye ya Saint-Sulpice. Alipewa upadri tarehe 2 Juni 1849. Mwaka wa 1850 alipata cheo cha daktari katika chuo kikuu cha Sorbonne, kwa kitabu alichoandika juu ya shule ya kikristu ya Edessa.

Tusipite upesi juu ya kitabu hicho. Edessa ni mji wa kale, ambao leo umo katika nchi ya Uturuki. Wakristu wake walisema Kisiria, na katika karne ya nne Mtakatifu Efrem alifundisha huko. Walimu wa shule ile walisoma maandishi ya Kigiriki, wakayageuza katika Kisiria, wakawafundisha vijana kwa lugha ya nyumbani mwao. Mwaka wa 489 Kaisari Zeno aliifunga shule hiyo. Ilionekana kana kwamba kazi yote imekufa. Lakini walimu walihamia Nisibis, katika utawala wa Waajemi, wakaendelea kufundisha, maana walikuwa na vitabu vyao na lugha yao mkononi. Yeyote anayesoma maisha ya Lavigerie ya miaka iliyofuata ataona alama ya shule ile: imani hudumu pahali penye walimu waliotayarishwa na vitabu vilivyoandikwa kwa lugha ya watu.

Safari ya Mashariki na uaskofu wa Nancy

Mwaka wa 1854 Padri Lavigerie alianza kufundisha historia ya Kanisa katika Sorbonne. Baada ya muda mfupi aliwekwa kuwa msimamizi wa shirika la kusaidia shule za kikristu za Mashariki. Mwaka wa 1860 wakristu wengi waliuawa katika Lebanoni na Damasko. Yeye alikusanya sadaka, akasafiri mwenyewe kuzipeleka kwa wajane na mayatima. Huko Damasko alikutana na Emiri Abd el-Kader, mwislamu aliyekuwa amepigana na Wafaransa miaka mingi katika Aljeria, na ambaye sasa aliwaokoa maelfu ya wakristu kwa kuwaficha na kuwalinda. Safari ile ilimfungua macho. Aliona Makanisa yenye liturujia za Kiarabu, Kigiriki na Kisiria, akatambua kwamba Kanisa katoliki ni pana kuliko Paris na kuliko Kilatini.

Mwaka wa 1863, akiwa na umri wa miaka 37, alifanywa askofu wa Nancy. Hapo alijishughulisha mara moja na walimu. Masista wengi waliofundisha katika shule za vijiji walikuwa na moyo mwema, lakini hawakuwa wamejifunza kazi ya kufundisha. Askofu aliwataka wasome kwanza, wafanye mtihani, wapate cheti, ndipo wakabidhiwe watoto. Wengine waliona neno hilo kuwa gumu, kwa sababu tangu zamani utii na ibada vilihesabiwa kutosha. Yeye alishika kwamba upendo kwa watoto lazima uonekane pia katika ujuzi wa mwalimu.

Algeri na mwanzo wa Shirika

Mwaka wa 1867 aliacha jimbo hilo tajiri, akakubali kuwa askofu mkuu wa Algeri. Alikuta nchi yenye taabu kubwa: kipindupindu, nzige, ukame, na njaa iliyoua watu wengi sana katika miaka ya 1867 na 1868. Alikusanya mayatima zaidi ya elfu moja, akawalisha na kuwatunza. Wakuu wa serikali ya Ufaransa hawakupenda askofu aingie katika mambo ya waislamu, na ugomvi kati yake na gavana MacMahon ulisikika hata Paris.

Mayatima hao walileta swali lililokuwa kubwa kuliko chakula na nguo. Nani atasema nao? Mapadri wa Algeria walikuja kwa ajili ya wakoloni wa kizungu, na kazi yao ilifanywa kwa Kifaransa. Mwaka wa 1868 waseminari watatu wa seminari kuu ya Kouba walijitoa kwa kazi ya Waafrika, na mwezi wa Oktoba mwaka ule novisiati ya kwanza ilifunguliwa. Ndivyo lilivyoanza Shirika la Wamisionari wa Afrika. Mwaka uliofuata, 1869, lilianza Shirika la Masista Wamisionari wa Mama Yetu wa Afrika, kwa kuwa hakuna mwanaume ambaye angeweza kuingia katika nyumba za wanawake wa nchi ile, kusema nao na kuwafundisha.

Mpango wa kujifunza lugha

Tufike sasa kwenye kiini cha habari yetu. Siku zile ilikuwa kawaida mahali pengi kwamba mgeni kutoka Ulaya, akiwa padri, mfanyabiashara au askari, alijifunza maneno machache ya kuamuru, na mengine akamwachia mkalimani. Lavigerie aliikataa njia hiyo. Kwa maoni yake mzigo wa kwanza wa kujifunza ulikuwa juu ya yule aliyekuja kufundisha. Kabla ya kuwa mwalimu wa watu, mmisionari sharti awe mwanafunzi wao. Akapanga mambo hayo kwa utaratibu, na maagizo yake yanaonekana wazi katika sehemu nne.

Kwanza, lugha ilianza katika novisiati yenyewe. Wanovisi walijifunza Kiarabu, na waliotumwa milimani mwa Kabylia walijifunza Kikabili. Tena hawakujifunza kwa kitabu tu. Walivaa kanzu nyeupe na joho la nchi, walikula chakula cha nchi, walilala kama watu wa nchi. Watu wengine waliona mavazi hayo kuwa mchezo. Maana yake yalikuwa makubwa. Anayetaka kusema na watu lazima aketi pahali wanapoketi, maana lugha hupatikana kwenye chakula, sokoni, kwa mgonjwa, na katika mazungumzo ya jioni.

Pili, aliweka muda. Alidai kwamba miezi sita baada ya kufika pahali pao, wamisionari wasiseme tena wao kwa wao ila lugha ya watu wanaokaa kati yao. Tulitafakari agizo hilo. Sheria ya Shirika ilitaka wamisionari wasikae pungufu ya watatu katika kituo kimoja, ili wasaidiane roho na mwili. Lakini watu watatu wa nchi moja, mbali na kwao, wenye homa na upweke, watafanya nini jioni? Watasema lugha ya mama zao, na lugha ya watu itabaki nje ya mlango. Lavigerie alijua hatari hiyo. Kwa hiyo aliifanya nyumba ya mapadri kuwa shule, ambamo hata kuomba chumvi mezani ni zoezi. Leo wataalamu wa mafundisho ya lugha wanakubali kwamba mtu haendelei sana asipolazimika kuitumia lugha katika mahitaji yake ya kila siku.

Tatu, aliagiza kamusi. Pahali ambapo hapakuwa bado na kitabu cha lugha, mmisionari mmoja aliwekewa saa zake kila siku za kuuliza watu, kuandika maneno na kuyapanga. Sababu yake ni ya kuhuzunisha. Katika miaka ile ya mwanzo wamisionari wengi walikufa upesi kwa homa. Padri aliyetumia mwaka mzima kujifunza lugha, akifa bila kuandika, alizikwa pamoja na ujuzi wake, na yule aliyemfuata alianza upya. Daftari la maneno lilikuwa urithi. Aliyekufa aliendelea kumfundisha aliyefika nyuma yake.

Nne, vitabu vya mafundisho, yaani katekisimu na sala, vitungwe kwa lugha ya watu, na mafundisho yenyewe yafuate ngazi. Hapo Lavigerie, aliyekuwa mwalimu wa historia ya Kanisa, alirudisha desturi ya wakristu wa karne za kwanza. Mtu aliyeomba dini aliwekwa kwanza kati ya waombaji kwa muda wa miaka miwili, akifundishwa mambo ambayo akili ya kila mtu yaweza kuyapokea juu ya Mungu Mwumba. Kisha alikuwa mkatekumeni miaka miwili mingine, akifundishwa mafumbo ya Kristu. Baada ya miaka minne ndipo alipobatizwa, isipokuwa katika hatari ya kufa. Wengine waliona muda huo ni mrefu mno. Lakini programu hii ilimpa mwanafunzi nafasi ya kuelewa, na ilimpa mwalimu, ambaye lugha ya watu ilikuwa kwake lugha ya pili, nafasi ya kukomaa katika usemi wake.

Majaribu katika nchi za maziwa

Mwezi wa Februari 1878 Papa Leo XIII alikabidhi kwa Shirika hilo changa nchi za maziwa makubwa ya Afrika. Mwaka ule ule wamisionari kumi walifika pwani, wakapita Bagamoyo, wakachukua njia ya bara. Padri Pascal alikufa safarini, kabla ya kuona ziwa lolote. Mwezi wa Januari 1879 wenzake walifika Ujiji, na mwezi wa Februari Padri Lourdel pamoja na Bruda Amans walifika Uganda. Mwaka wa 1881 Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao d'Hoop waliuawa Rumonge, kando ya ziwa Tanganika. Walioagizwa kujifunza lugha kwa miezi sita hawakuwa na hakika ya kuishi miaka sita.

Hata hivyo kazi ya lugha haikusimama. Mwaka wa 1885 ilitolewa Paris sarufi ya Kiganda iliyotungwa na Padri Livinhac, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa Shirika lote. Mwaka huo huo ilitoka pia sarufi ya Kiswahili ya Padri Delaunay. Vijana waliojitayarisha kusafiri sasa waliweza kufungua kitabu na kuanza kujifunza kabla ya kupanda merikebu.

Ushuhuda mkubwa wa mpango huo ulionekana Uganda. Mwezi wa Novemba 1882 wamisionari, kwa kuona hatari, waliondoka na kwenda kusini ya ziwa Nyanza. Waliacha nyuma kikundi kidogo cha wabatizwa na wakatekumeni. Waliporudi mwezi wa Julai 1885 walikuta idadi ya wenye kuomba dini imeongezeka sana. Wakristu wale walikuwa wamefundishana wenyewe, kwa lugha yao wenyewe, bila padri hata mmoja. Kati yao walikuwamo wale waliomwaga damu yao tangu mwaka huo hata 1887, ambao leo tunawaheshimu kuwa Watakatifu Mashahidi wa Uganda. Kama mafundisho yangalikuwa katika lugha ya kigeni, mwali ule ungalizimika siku wageni walipoondoka. Ndiyo habari ya Edessa iliyorudi tena baada ya miaka elfu moja na mia nne.

Walimu waliozaliwa Afrika

Lavigerie alijua kwamba mgeni, hata akijifunza sana, hawezi kuwa mwenyeji. Kwa hiyo alitaka Waafrika wenyewe wawe mitume wa Afrika. Aliwaandikia wamisionari wake kwamba vijana wasigeuzwe kuwa Wazungu. Waachiwe lugha, chakula na maisha ya kwao, na mafundisho yaingie moyoni. Tena alifikiri juu ya riziki ya mwalimu. Katekista asiye na kazi nyingine atategemea misioni siku zote. Katekista anayejua kutibu wagonjwa atapokelewa kila mahali, na atajilisha kwa kazi yake. Ndiyo maana mwaka wa 1881 alifungua katika kisiwa cha Malta nyumba ya vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, wasome uganga wa kidaktari pamoja na mambo ya dini.

Aliyejulikana zaidi kati yao ni Adrien Atiman, mtoto aliyeibwa karibu na mto Niger na kuuzwa jangwani, kisha akakombolewa na wamisionari. Baada ya masomo ya Malta alifika Karema, kando ya Tanganika, mwaka wa 1889. Alikaa huko akitibu na kufundisha hata alipokufa mwaka wa 1956. Yeye pia alijifunza lugha ya wenyeji akiwa mtu mzima, maana alizaliwa mbali sana na ziwa lile. Mtu mweusi hakupewa ujuzi wa lugha nyingine kwa sababu ya rangi yake. Alitoa jasho kama wengine.

Yafaa kusema kwamba nyumba ya Malta haikufanikiwa kama alivyotumaini. Ilifungwa mwaka wa 1896, baada ya kifo chake. Kuwapeleka watoto mbali, kuwafundisha kwa lugha za Ulaya, kisha kuwarudisha Afrika waanze lugha mpya, kulikuwa njia ndefu na ya gharama, tena kulipingana na agizo lake mwenyewe la kumwacha kila mtu katika lugha yake. Waliofuata walijifunza hapo kwamba walimu watayarishwe karibu na watu wao.

Kardinali mwenyewe hakuwa malaika. Alikuwa mwepesi wa hasira, mkali kwa walio chini yake. Aliipenda Ufaransa kwa moyo wote, na mara nyingi aliunganisha faida ya Kanisa na faida ya nchi yake. Katika shule za Kabylia watoto walifundishwa Kifaransa, nao wamisionari wakajifunza Kikabili. Tunayataja hayo kwa sababu kweli haimwaibishi mtu mkubwa.

Kiswahili na nchi yetu

Mwaka wa 1880 wamisionari walivuka ziwa Tanganika, wakafungua kituo Mulweba. Mwaka wa 1885 walipokea Mpala, kituo kilichokuwa cha Shirika la Kimataifa la Afrika. Hapo mpango wa lugha ulikutana na shida ambayo Algeri hawakuitazamia. Watoto na watu wazima waliokombolewa kutoka misafara ya watumwa walitoka katika makabila mengi. Hawakuwa na lugha moja. Lugha iliyoweza kuwaunganisha ilikuwa Kiswahili, kilichofika bara pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani.

Tufikiri vizuri jambo hilo. Misafara ile ndiyo iliyobeba pembe za tembo na watumwa. Wasemaji wa Kiswahili wa misafara waliitwa Wangwana, na kwa jina lao lugha yetu ilipata kuitwa Kingwana. Neno lenyewe, waungwana, lasema watu huru. Lugha iliyosikika mbele ya minyororo ikawa lugha ya sala ya watu waliofunguliwa. Kwa mababu wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya pili, waliyojifunza wakiwa wakubwa, sawasawa na mapadri wao. Katika darasa la katekisimu mara nyingi mwalimu na mwanafunzi wote wawili walikuwa wageni katika lugha ile, wakasahihishana. Tena lugha za nyumbani hazikutupwa. Zilibaki kuwa njia ya kueleza neno ambalo Kiswahili hakikulifikisha moyoni.

Mwaka wa 1892 alifika Padri Victor Roelens, Mbelgiji, aliyefungua Baudouinville mwaka wa 1893, na kuwa askofu wa kwanza wa Kongo ya Juu. Yeye aliendeleza neno la mwanzilishi: walimu watayarishwe hapa hapa. Mpala ilipata shule ya makatekista, na mwishoni mwa karne ile vijana wa kwanza walianza kujifunza Kilatini. Mmoja wao alikuwa Stefano Kaoze wa nchi ya Marungu. Alijifunza Kifaransa na Kilatini bila kusahau usemi wa kwao, na maandishi yake juu ya fikara za Wabantu yalitolewa kwa Kifaransa tangu mwaka wa 1910. Tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadri katika Baudouinville, akawa padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu. Alifariki mwaka wa 1951.

Miaka ya mwisho

Lavigerie alifanywa kardinali mwaka wa 1882, na mwaka huo huo Shirika lake lilianza seminari ya Mtakatifu Anna katika Yerusalemu kwa ajili ya Wagiriki wakatoliki. Hapo pia alishika kanuni yake. Waalimu walikuwa mapadri wa Kilatini, lakini aliwakataza wasiwavute vijana waache liturujia na desturi za Kanisa lao.

Mwaka wa 1888, kwa kutumwa na Papa Leo XIII, alihubiri Paris, London na Brussels juu ya ukatili wa biashara ya watumwa. Alitumia barua alizoandikiwa na wamisionari wake wa maziwa. Wao waliweza kumweleza habari zile kwa sababu waliweza kuwauliza watumwa wenyewe habari za kutekwa kwao. Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, alikuwa tayari amefika Mpala kuwalinda watu wa pande zile. Alikufa kwetu mwaka wa 1927.

Kardinali Lavigerie alifariki Algeri tarehe 26 Novemba 1892, akiwa na umri wa miaka 67. Alizikwa Kartago, na baadaye mabaki yake yakahamishiwa Roma, katika nyumba kuu ya Shirika lake.

Urithi wake

Mwaka wa 1919 Papa Benedikto XV, katika barua yake Maximum Illud, aliwaagiza wamisionari wote wa dunia wajifunze kabisa lugha za watu, wasitegemee wakalimani. Mwaka wa 1926 Wamisionari wa Afrika walifungua Tunis nyumba ya masomo ya Kiarabu. Mwaka wa 1964 kazi ya kuwafundisha wanafunzi ilihamishiwa Roma, katika chuo cha Papa cha masomo ya Kiarabu na Uislamu. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango ili liturujia iadhimishwe kwa lugha za watu. Tangu hapo kilichokuwa katika katekisimu kikapanda altareni.

Ndugu wakristu, tusiufungie urithi huu katika kabati pamoja na picha za zamani. Watoto wetu wengi wanasema lugha moja nyumbani, Kiswahili kanisani na sokoni, Kifaransa darasani. Kila siku wanavuka mito mitatu. Mtoto akikaa kimya shuleni, mara nyingine si mpumbavu. Amesimama kando ya mto bila mtumbwi. Mwalimu aliyetayarishwa atakwenda kwanza upande wa mtoto, atajifunza maneno yake, kisha atavuka naye. Afanye ngazi, asiruke. Aandike anachojifunza, ili atakayeshika nafasi yake asianze upya. Nao mapadri wanaotumwa kutoka jimbo jingine au nchi nyingine watakuta kati yetu wazee wengi walio tayari kuwafundisha, ikiwa wao wako tayari kuketi nao.

Tumwombe Mungu, aliyewapa Mitume siku ya Pentekoste neno lililosikiwa na kila mtu kwa lugha yake, atupatie walimu na makatekista wenye saburi ya kujifunza. Na roho ya Kardinali Lavigerie, pamoja na za wale wote waliotufikishia Injili, zipumzike kwa amani. Amina.